Mashini Iliyokula Taa ya Mtoto

Wapendwa ndugu na dada, hasa jamaa za Misisi na Kamituga munaofunga pano za jua juu ya nyumba, nawaletea kosa langu ili lisiwe lenu.

Hapa Uvira umeme unakuja na kuondoka bila kuaga. Mama watoto aliuza ndagala miezi mingi, akanunua pano na batri ya volti 12, ampea-saa 40. Kusudi lilikuwa taa ya watoto kusomea. Mimi nikaleta ordinatere kubwa ya mezani, kwa kuwa ilionekana ya heshima. Nikatia Linux ndani yake, pamoja na Wikipedia isiyohitaji intaneti, inayosomwa kwa programu ya Kiwix. Vijana wa mtaa wakajaa barazani.

Majuma machache yakapita. Usiku mmoja, saa mbili tu, taa ikazimika. Binti yangu alikuwa anajitayarisha kwa Egzamini ya Serikali. Akasema kwa upole: «Papa, mashini yako imekula taa yangu.» Nilikosa jibu.

Ndipo nikakaa na kalamu, kama mtu yule wa Luka 14 anayehesabu gharama mbele ya kujenga mnara. Volti 12 mara 40 ni wati-saa 480. Lakini batri ya asidi ukiimaliza kupita nusu kila siku, inakufa mapema. Basi zinabaki 240. Ordinatere na kioo chake vilikula wati 80: saa 3, kwisha!

Kijana mmoja fundi akanionyesha Raspberry Pi, kibao kinachoenea mkononi, kilichotoka Uingereza mara ya kwanza mwaka 2012. Linux inakaa katika karte ndogo kama ile ya simu. Nilichagua aina ya 3, kwa sababu ina Wi-Fi yake: vijana wanasoma kwa simu zao, hakuna haja ya kioo. Inakula kama wati 4. Gawanya 240 kwa 4, unapata saa 60. Hata kigeuzi cha kushusha volti 12 kuwa 5 kikipoteza sehemu, taa inapata haki yake. Ila usikate umeme ghafula, karte inaweza kuharibika. Zima kwa utaratibu.

Ile kubwa niliiuza, feza nikamurudishia mama watoto. Ndugu zangu, mbele ya kuuliza mashini ina nguvu gani, uliza inakula kiasi gani, na ni nani nyumbani atakayekaa gizani kwa ajili yake.