KABLA HUJAIPELEKA HATI BENKI



Washirika kadhaa wameniuliza swali ambalo mimi na mke wangu pia tumekuwa tukiliombea. Nyumba yako ya kupangisha umemaliza kuilipia na hati unayo. Je, uiweke rehani ununue nyingine?

Kukopa si dhambi. Lakini tusiuite kila mkopo uliopitishwa mlango uliofunguliwa na Bwana. Benki imekukubalia kwa sababu hati yako itakaa kwenye sefu yake.

Chukua kalamu. Tuseme nyumba yako inaleta shilingi 30,000 kwa mwezi. Unakopa milioni 3 kwa riba ya asilimia 15, miaka 10, unanunua nyingine inayoleta 20,000. Jumla ni 50,000. Ushuru wa kodi ya nyumba ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, nao hukatwa kwenye kodi yote bila kuondoa riba unayolipa. Unabaki na 46,250. Benki inataka karibu 48,400. Umepungukiwa kabla bomba halijapasuka, kabla mpangaji hajahama.

Riba nayo hupanda. Februari 2024 Benki Kuu ilifikisha kiwango chake asilimia 13, na wengi wakaona malipo yao yakiongezeka. Kwa asilimia 18, mkopo huohuo unadai kama 54,000.

Ukishindwa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inakupa notisi ya siku zisizopungua 90 ulipe, kisha nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza. Na inayouzwa ni ile nyumba uliyokuwa umeimaliza.

Katika Luka 14 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza aketi apige hesabu, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka. Kuketi kule ni sehemu ya imani, mpendwa.

Sisi tuliketi. Kodi ya nyumba yetu ndogo ndiyo karo ya binti yetu na dawa za mama yangu. Mpangaji mmoja akihama, ningechagua nini: benki au dawa? Tukaamua hati ibaki nyumbani, na kila mwezi tuweke kidogo kwenye sacco. Tutachelewa, na wenzetu watatupita. Tumekubali.

Huenda wewe uko tofauti. Kama mshahara wako unaweza kubeba malipo miezi 6 bila mpangaji hata mmoja, na mwenzako wa ndoa anaijua hesabu yote, endelea kwa amani. Kama unamficha, simama hapo kwanza.

Leo jioni, kabla ya maombi, ketini wawili na kalamu. Andikeni kila shilingi, kisha ombeni juu ya karatasi hiyo.

Bwana akupe hekima, na nyumba uliyoitolea jasho isipotee mikononi mwako. Amina.