Mwaka wa Kimbunga

Aprili katika pwani ya Afrika Mashariki ni mwezi wa maleleji. Kaskazi imekwisha nguvu, kusi haijashika, na nahodha mwenye busara hukaa bandarini akingoja upepo uamue unakoelekea. Ndivyo ilivyokuwa Unguja siku ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872: bandari ilikuwa imejaa vyombo, merikebu za Sultani Barghash bin Said zikiwa miongoni mwake. Tufani iliyoingia siku hiyo haikuwa na mfano katika kumbukumbu ya mtu yeyote aliyekuwa hai kisiwani. Karibu kila chombo kilizama au kutupwa ufukoni. Mapaa yaling'oka, minazi ikalala kama mabua shambani, na inakadiriwa kwamba theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja ilianguka.

Merikebu hununuliwa nyingine. Barghash aliagiza yake Uingereza, ikaitwa Glasgow, ikafika mwaka 1878. Mkarafuu hauagizwi. Ukipandwa leo, hautoi mavuno ya kueleweka mpaka miaka sita au zaidi ipite, na wenye mashamba ya Unguja wengi walikuwa na madeni yasiyoweza kungoja miaka sita. Pemba, iliyo kilomita hamsini hivi kaskazini, iliguswa kidogo. Bei ya karafuu ilipopanda, miche ikapandwa Pemba kwa pupa, na tangu hapo kisiwa kile cha pili ndicho chenye karafuu nyingi zaidi. Mpemba anayeanika karafuu kwenye jamvi mbele ya nyumba yake leo anaendeleza kazi ambayo upepo wa siku moja uliihamishia kwake.

Siasa nazo hazikusalimika. Januari 1873 Bartle Frere alifika kutoka Uingereza kumshinikiza Sultani apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Hoja mojawapo ya Barghash ilikuwa tufani: kisiwa kilikuwa kimekwisha kuumia, na mkataba ungekiumiza zaidi. Hoja haikumsaidia. Juni mwaka huohuo mkataba ulitiwa saini. Ni vigumu kumhurumia mfanyabiashara wa watumwa kwa sababu ya upepo, lakini anayesoma historia ya mkataba ule bila kuitaja tufani anasoma nusu yake.

Bara pia maji yalikuwa yamefanya kazi yake. Henry Morton Stanley, akirudi pwani baada ya kuachana na Livingstone, alipita Simbamwene, mji uliokuwa jirani na Morogoro ya leo, akakuta mto umesomba ukuta wa mbele wa mji ule pamoja na nyumba nyingi. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameusifu ukuta huohuo.

Kwa nini hakuna aliyetarajia? Kwa sababu haikuwa desturi ya upepo kufika huko. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, lakini ili kianze kujizungusha kinahitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia, na msukumo huo hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta, mpaka unakwisha kabisa. Unguja iko nyuzi sita tu kusini ya ikweta. Vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi huishia Madagaska, Morisi au Msumbiji. Isitoshe, hata kama Morisi wangekiona kimbunga kikija, hawakuwa na njia ya kuipa Unguja habari: waya wa telegrafu wa chini ya bahari uliifikia Unguja mwaka 1879.

Kwa hiyo tufani ikabaki kuwa kitu cha kusimuliwa, na zaidi ya hapo, kitu cha kuhesabia umri. Hadi leo wapo wazee wa kusini mwa Tanzania wanaojua umri wao kwa kimbunga kingine, kile kilichoipiga Lindi Aprili 1952 na kuua watu zaidi ya 30. Bibi mmoja aliyetoka Mikindani kuja kuishi na mwanawe Temeke alipelekwa kujiandikisha kupata kitambulisho cha taifa. Karani akamuuliza tarehe ya kuzaliwa.

"Mwaka wa kimbunga, mwanangu."

"Kimbunga gani tena, bibi?"

"Kile cha Lindi. Mama alinizaa kimekwisha kupita, na mwezi wa Ramadhani haujaandama."

Mjukuu aliyekuwa amemsindikiza akatafuta kwenye simu. Mwaka ule Ramadhani ilianza mwishoni mwa Mei. Maana yake bibi alikuwa ametaja kuzaliwa kwake ndani ya wiki sita hivi, bila cheti, bila kalenda ya ukutani. Kitambulisho kilipotoka kilikuwa na tarehe 1 Julai 1952, kama cha maelfu ya wazee wenzake. Anakitunza kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki, na akiulizwa umri bado anaanza na kimbunga.

Waliozaliwa baada yake wakapata kalenda nyingine. Mvua za mwisho wa 1961 hazikuwa na upepo wa kutisha, lakini ziliendelea kunyesha mpaka Ziwa Viktoria likajaa. Kufikia 1964 maji yake yalikuwa yamepanda kwa zaidi ya mita mbili, na kiwango hicho hakikufikiwa tena hadi Mei 2020, pale nyumba za ufukweni kuanzia Kisumu hadi Bukoba zilipoingiliwa na maji. Wakenya waliziita mvua zile za 1961 mafuriko ya uhuru, ingawa uhuru wao ulikuwa bado miaka miwili mbele. Wenye uhuru Desemba ile walikuwa majirani zao wa Tanganyika, waliopandisha bendera huku masika ya ajabu yakinyesha katikati ya vuli.

Kisha ikaja 1997. Hapo ndipo jambo fulani lilipogeuka. Kwa mara ya kwanza mvua ilikuja na jina kutoka redioni, El Nino, na mtangazaji akaeleza kwamba chanzo chake ni joto la bahari ya Pasifiki, mbali kuliko Uarabuni au Bara Hindi, mbali kuliko popote palipowahi kulaumiwa kwa mvua ya Kinondoni. Kuanzia Oktoba mwaka ule hadi mapema 1998 barabara zilikatika, madaraja yakaondoka, kipindupindu kikaenea, na Garissa ikapata homa ya Bonde la Ufa iliyoua mifugo na watu. Waliokuwa shule ya msingi wakati huo wanakumbuka madaftari yaliyovimba kwa maji na viatu vilivyokaushwa juu ya jiko la mkaa. Wanakumbuka pia kwamba tangu hapo kila mvua iliyozidi kidogo iliitwa elnino, hata ile ya masika ya kawaida kabisa iliyojaza mtaro uliozibwa na takataka.

Jina likazoeleka kupita kiasi, ikawa kasoro. Dar es Salaam ilipopigwa na mvua za Desemba 2011, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema hazijawahi kuonekana jijini tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa. Waliokuwa wakiishi Jangwani na kwenye mabonde ya Msimbazi waligawiwa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao, na baadhi wakarudi bondeni. Mabonde hayo yalifurika tena na tena miaka iliyofuata, pamoja na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa hapohapo Jangwani. Hiyo si hali ya hewa ya ajabu. Ni mto unaopita mahali ulipopita siku zote.

Utabiri nao ukakomaa, na ukomavu wake ukaleta tatizo lisilokuwapo zamani: kimbunga kilichotangazwa halafu kisifike. Aprili 2019 Mtwara ilijiandaa kumpokea Kenneth. Shule zilifungwa, na watu wa kandokando ya bahari wakahamishiwa maeneo ya juu. Kenneth akapita kaskazini mwa Ngazija, akakata kuelekea kusini, na tarehe 25 akaingia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, akiwa na nguvu za kuangamiza vijiji vizima. Mtwara ikarudi nyumbani. Wapo waliomshukuru Mungu, wapo walionung'unikia siku mbili za biashara zilizopotea. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Dar es Salaam. Ujumbe wa tahadhari ya Jobo ulisambazwa simu kwa simu, mabati yakawekewa mawe, watu wakanunua mishumaa na mikate. Jobo akafifia baharini kabla hajagusa jiji. Kufikia jioni magrupu ya WhatsApp yalikuwa yamejaa utani kwamba ameishiwa nauli njiani.

Utani huo una gharama. Wenye kutabiri walikuwa sahihi kuhusu dhoruba na njia yake. Kilichobadilika ni nguvu, na hilo hutokea. Lakini aliyeweka mawe juu ya bati bure mwaka huu hatapanda juu ya paa kwa haraka mwaka ujao. Kenya ililiona jambo hilo kwa namna nyingine Oktoba 2023, Rais William Ruto alipowaambia wananchi kwamba mvua za El Nino hazitafika kiwango cha uharibifu kilichotabiriwa awali. Mwezi uliofuata Mandera, Garissa na Tana River zilikuwa chini ya maji, na waliokufa walipita 100.

Hidaya alikuja katika hali hiyo ya kusadiki nusu nusu. Wiki ya kwanza ya Mei 2024 alikomaa baharini mpaka kufikia daraja la kimbunga kamili, jambo la nadra sana karibu hivyo na ikweta. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa, na wasafiri wakaketi juu ya mabegi yao wakisoma taarifa ileile kila mtu kwenye simu yake. Jumamosi ya tarehe 4 akaingia kisiwa cha Mafia akiwa amepungua, akaezua nyumba, akaangusha miti, na Mamlaka ikatangaza kwamba amekwisha nguvu.

Upepo ndio uliokwisha. Mvua alizokuja nazo ziliendelea kuelekea Lindi, na huko zikakuta barabara kuu ya kusini imelazwa juu ya makalavati yaliyopimwa kwa mvua za enzi nyingine. Somanga, wilayani Kilwa, lami ilikatika, maji ya matope yakapita katikati. Mabasi ya Mtwara yakasimama upande mmoja, malori ya saruji na korosho upande mwingine. Abiria walilala viitini, wenye watoto wadogo wakanunua uji kwa wanakijiji, na bei ya soda ikapanda kadiri foleni ilivyorefuka. Dizeli na vyakula vikaanza kupungua mikoa miwili mizima kwa sababu ya mapengo yasiyofika urefu wa uwanja wa mpira.

Mafundi wakajaza mawe, magari yakapita, madaraja mapya yakaanza kujengwa. Masika ya mwaka uliofuata, bila kimbunga chochote chenye jina, maji yaliikata tena barabara ileile palepale Somanga.