Laptopu Mpya Ilizima Siku ya Tano, Akaendelea Kuiposti

Basi sikia hii ya Mbagala.

Kuna mdada mmoja anakaa Charambe, miaka 23, kazi yake kutengeneza kadi za harusi na za michango. Zile kadi unatumiwa WhatsApp saa nne usiku, jina lako limeandikwa "Bwana na Bibi" wakati hata mchumba huna. Miaka miwili amepiga hiyo kazi kwa simu, na kazi ikiwa kubwa anaenda kukodi kompyuta steshenari pale Rangi Tatu. Saa moja 2,000. Kadi 100 zenye majina tofauti, hesabu mwenyewe masaa yanavyoenda.

Akajichanga mpaka akafikisha 590,000. Haikutosha. Mama yake anauza chapati na maharage asubuhi, na yuko kwenye mchezo na wanawake wenzake wa mtaani. Zamu yake ilikuwa bado mbali. Mama akamfuata kijumbe, akambembeleza, akabadilishana zamu na mwenzake mmoja. Zikapatikana 500,000. Kijumbe na wenzake wote wakajua ile hela inaenda wapi: mtoto ananunua laptopu ya kazi.

Jumamosi asubuhi binti akapanda daladala mpaka Kariakoo, akaingia mtaa wa Aggrey. Duka la tatu akaipata anayoitaka, mpya, boksi limefungwa. Bei 1,150,000. Mkononi ana 1,090,000. Kijana wa dukani akamwangalia, akashusha sauti: "Dada, hiyo uliyonayo inatosha kama huhitaji risiti ya mashine. Nakuandikia ya mkono."

Punguzo la 60,000! Nani angekataa? Akalipa kwa lipa namba, akaandikiwa kikaratasi: laptopu 1, warantii wiki 2. Hakuna muhuri wala jina la duka.

Halafu likaja tukio la siku. Simu ikatolewa, video ikaanza. Kijana wa dukani anachana boksi, binti anacheka, boksi linageuzwa huku na huku, "hongera dada" ikasikika nyuma. Video ikaenda Instagram na stetasi ya WhatsApp. Kufika nyumbani, komenti zimejaa. "Bosi." "Mama wa ofisi." "Sasa bei zitapanda." Na yeye akajibu kila moja, kwa roho nyeupe kabisa.

Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, mambo safi. Alishapata oda ya kadi 120 kutoka kwa kamati moja ya harusi na alitakiwa kukabidhi Jumapili inayofuata. Jumanne usiku akafanya kazi mpaka saa sita, akaizima vizuri, akalala.

Jumatano asubuhi akabonyeza kuwasha. Kimya.

Akabonyeza tena. Kitaa cha pembeni kikawaka rangi ya chungwa mara moja, kikazimika. Akachomeka chaja, akabadilisha soketi, akaenda kwa jirani kujaribu umeme wa kule. Hola. Akanunua bando, akaingia YouTube, akafanya yote aliyoambiwa. Chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika, achia, chomeka, washa. Mulika skrini na tochi ya simu, labda inawaka ila mwanga ndio hakuna. Bonyeza kile kitufe cha herufi kubwa uone kama kitaa chake kinawaka. Hakuna kilichowaka.

Sasa hapo mtu mwenye akili ya kawaida angefanya nini? Angeweka laptopu kwenye begi, siku hiyohiyo, Kariakoo. Warantii si ipo?

Hakwenda. Na si kwamba alikosa nauli. Kwenye simu bado kulikuwa na watu wanampongeza. Jikoni kulikuwa na mama anakanda unga wa chapati, kila mteja akifika anaambiwa "mwanangu siku hizi ana kompyuta yake". Akajiuliza ataanzaje kusema imekufa. Wiki haijaisha! Akaona bora aitengeneze kimyakimya.

Akaenda kwa fundi mmoja Zakhiem. Kijana mdogo tu, kibanda kimejaa simu zilizofunguliwa. Fundi akachukua mita yake, akapima chaja. Inatoa volti 19 kama ilivyoandikwa. Chaja nzima, tatizo liko ndani. Akaigeuza laptopu chini juu, akaona stika ndogo imebandikwa juu ya skrubu.

"Dada, hii umenunua lini?"

"Juzi juzi tu."

"Sasa umeileta kwangu kufanya nini? Mimi nikishaitoa hii stika, warantii imekufa. Watasema tumechezea. Rudisha dukani, usimpe fundi yeyote aifungue."

"Kaka, we fungua tu."

"Sifungui. Nipe 2,000 ya kupima, nenda."

Wengi wanawaita mafundi wa vibandani wezi. Huyu alikataa hela akiwa nayo mbele yake. Tukumbuke na hilo.

Bado binti hakwenda Kariakoo. Akaanza maisha mapya ya uongo. Asubuhi anabeba begi na laptopu iliyokufa ndani, anaaga, "Mama, naenda kuonana na wateja." Anaenda Rangi Tatu palepale pa zamani, 2,000 kwa saa, na mwenye steshenari anamwangalia bila kumwelewa. Mafaili yote ya kadi yalikuwa ndani ya laptopu. Bahati yake alishamtumia mwenyekiti wa kamati mfano kwa WhatsApp, akautumia huo kuanza upya, jina moja moja, mpaka 120 zikatimia. Faida ya ile oda yote ikaishia kwenye kukodi.

Na stetasi je? Ziliendelea. Picha za zamani za skrini inawaka, kikombe cha chai pembeni, maneno "kazi kazi". Watu wakaendelea kumpongeza. Ila kila akiweka moja, siku moja ya warantii inakatika. Video ya kwanza alipost kwa furaha, hizi nyingine alikuwa anapost kwa woga. Mtazamaji huwezi kuzitofautisha.

Alhamisi ya wiki iliyofuata kijumbe akapita nyumbani na wenzake wawili. Wamekaa kwenye mkeka, chai ipo. Mama akaita kwa furaha zote: "Mwanangu, hebu ilete umuonyeshe mama yako mkubwa zile kadi."

Akaileta. Akaifungua. Akasema chaji imeisha.

"Si begi lako nimeliona na waya wake? Chomeka tu, tunasubiri."

Akachomeka. Wakasubiri. Kuna ukimya fulani wa watu wazima ambao wameshaelewa lakini wanakunywa chai tu kukusitiri. Kijumbe akasema wamechelewa, wakaaga.

Mama akawasindikiza, akarudi, akakaa chini palepale. Hakuuliza kama imeharibika.

"Imekufa lini?"

"Jumatano."

"Jumatano ya jana?"

"Ya wiki iliyopita, mama."

Mama akanyamaza. Halafu akasema hivi: "Ile hela ilikuwa yangu pia. Ungeniambia siku ileile, ningekasirika siku ileile, tungeenda. Mimi chapati ikiungua siifichi chini ya nzuri nikamuuzia mtu. Naitoa, nakanda nyingine. Kikaratasi kiko wapi?"

Kikaratasi kikaletwa. Wiki 2. Wakahesabu kwa vidole tangu ile Jumamosi. Kesho yake, Ijumaa, ndiyo siku ya 14. Ya mwisho.

Ijumaa mama hakukaanga chapati. Saa tatu wako Aggrey. Kijana wa dukani akaamkia vizuri, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba. Laptopu ilipotoka kwenye begi sura ikabadilika.

"Mama, huu mzigo sio wetu."

"Na hiki kikaratasi?"

"Hakina muhuri. Mtu yeyote anaweza kuandika hiki." Akanyoosha kidole ukutani. Unayajua yale maneno: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hapo ndipo 60,000 ya punguzo ilipoanza kudai. Risiti ya EFD ingekuwa na jina la duka, tarehe na kiasi, na ubishi ungeishia hapo. TRA walileta zile mashine mwaka 2010 na wanaimba kila siku, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na watu wanadhani ni habari ya serikali kukusanya kodi tu. Ni ushahidi wako pia. Na kwa sheria, hata mnunuzi asiyedai risiti ana kosa.

Kingine ambacho wengi hawakijui, Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, hao FCC unaowasikia wakikamata bidhaa feki. Kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yao. Maandishi ya ukutani hayageuzi kitu kibovu kuwa kizima. Lakini popote utakapoenda kulalamika swali la kwanza litakuwa lilelile: una nini cha kuonyesha kwamba ulinunua hapa?

Binti akatoa simu. Ujumbe wa lipa namba upo, jina la biashara, tarehe, 1,090,000. Kijana akasema hiyo ni hela tu, haionyeshi alinunua nini. Labda alinunua simu.

Mama akamgeukia mwanae: "Si ulijipiga video humu ndani?"

Ile video. Ile aliyokuwa anaionea aibu wiki nzima, akitamani kuifuta lakini akiogopa watu watauliza. Akaitafuta, akaisimamisha pale boksi linapogeuzwa. Namba ndefu ya laptopu ikaonekana kwenye lebo ya boksi. Wakaigeuza laptopu, wakasoma namba ya chini yake, tarakimu moja moja, mama anasoma kwa sauti, binti anaangalia simu. Zote zikalingana. Na kwenye video, aliyekuwa anachana boksi na kusema "hongera dada" ni kijana huyuhuyu, na fulana ileile.

Wateja wengine wakaanza kusogea. Tajiri mwenye duka akatoka nyuma. Akaangalia video, akaangalia stika ya kwenye skrubu, haijaguswa. (Fundi wa Zakhiem, ubarikiwe.) Akaijaribu mwenyewe, akabadilisha chaja, haikuwaka. Akasema ni madabodi, waache waitengeneze, mwezi mmoja. Mama akasema hapana. Wakavutana mpaka adhuhuri. Mwisho ikatolewa nyingine ya aina ileile.

Safari hii hakuna video ya kucheka. Iliwashwa na kuzimwa mara tano palepale kaunta, ikakaa kwenye chaji saa nzima, ikachomolewa, ikawashwa tena.

Mama akauliza, "Na risiti ya mashine?"

Tajiri akasema kwa bei ile haiwezekani, waongeze 60,000. Kisheria ile risiti ilitakiwa itoke tangu siku ya kwanza bila kuombwa. Lakini mama alishachoka na jua la Kariakoo. Akafungua fundo la kanga, akahesabu noti, 60,000 kamili. Mashine ikalia, karatasi ikatoka. Punguzo likarudi lilikotoka, likiwa limeshakula faida ya kadi 120 na siku moja ya chapati.

Kwenye daladala ya kurudi hawakuongea sana. Maeneo ya Mtongani mama akasema tu, "Siku nyingine ikikatika hata kamba ya ndala, niambie."

Usiku ule binti akaweka stetasi moja, maneno matupu bila picha. Akaandika ukweli wote: ilizima siku ya tano, nikawadanganya, leo nimebadilishiwa, daini risiti. Wapo waliocheka, wapo waliosema alijua wanataka kumwonea wivu. Lakini watu watatu walimfuata kwa ujumbe wa siri. Mmoja simu yake mpya ilikufa siku ya pili. Mwingine friji. Wa tatu ni pikipiki ya mkopo, iko ndani chini ya turubai, na mkewe anajua iko gereji inafanyiwa sevisi.

Wote walikuwa wanasubiri. Wanasubiri nini, hata wao hawakuweza kusema.

Haya, wewe je? Kitu gani kipya kimekufa ndani kwako na bado uko nacho kwenye stetasi?