Mwalimu wa sanaa akitaka kujiendeleza, nani analipa?

Katika shule nyingi za msingi, kipindi cha sanaa hupewa mwalimu ambaye ratiba yake ina nafasi. Anaweza kuwa wa Kiswahili, wa Hisabati, au yule aliyehamia mwezi uliopita na bado hajapangiwa masomo ya kutosha. Anaingia darasani, anawaambia watoto wachore bendera au waimbe wimbo wanaoujua, kengele inalia. Huwezi kumlaumu. Hakuna aliyemfundisha kulifundisha somo hilo.

Mwalimu wa habari hii ni tofauti kidogo, kwa sababu yeye sanaa aliisomea. Anafundisha Morogoro mjini, ana miaka 34, ameolewa na fundi seremala na wana watoto wawili. Alipita Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, chuo ambacho walimu wengi wa sanaa, muziki na michezo hapa nchini wanakitaja kama nyumbani kwao. Huko alijifunza kusoma nota, kuchora kwa penseli na kuongoza kwaya. Tangu aajiriwe, miaka kumi sasa, ameitwa kwenye mafunzo ya stadi za kusoma na kuandika, ya Hisabati, ya kuingiza taarifa za wanafunzi kwenye mfumo wa kompyuta, na mara moja ya lishe shuleni. Ya somo lake mwenyewe hajaitwa hata siku moja.

Si kwamba Serikali imelisahau somo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilikuja na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na katika shule za msingi Sanaa na Michezo ni somo linalosimama lenyewe. Kwenye ratiba lipo na kwenye kitabu lipo. Kinachochelewa ni kumfikia anayesimama mbele ya darasa.

Upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambao unawakutanisha walimu kwenye jumuiya za kujifunza shuleni na kwenye vituo vya walimu. Ni mpango mzuri, maana mwalimu hasafiri mbali na hajifunzi kwa kusomewa hotuba. Lakini jumuiya ya kujifunza inahitaji wenzako. Walimu watano wa Hisabati wakikaa pamoja, watasaidiana. Mwalimu mmoja wa muziki katika kata nzima akae na nani?

Basi akajaribu kutafuta mwenyewe. Hapo ndipo aligundua jambo ambalo wenzake wengi wanalijua bila kulisema: milango ipo, ila imetengenezwa kwa watu wengine. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo kwa wasanii, na mkopo unataka mradi utakaorudisha fedha. Kwaya ya darasa la tano hairudishi fedha. Ufadhili wa Samia Scholarship ni wa vijana waliofanya vizuri masomo ya sayansi. Matangazo ya ruzuku yanayotoka kwenye balozi na vituo vya utamaduni vya nje huomba picha za maonyesho yako, kazi ulizouza, jukwaa ulilopanda. Yeye kazi zake ziko kwenye madaftari ya watoto 90. Kwa wasanii yeye ni mwalimu. Kwa walimu ni yule anayeimba na watoto, na kwenye vikao vya taaluma hulazimika kueleza kila mwaka kwa nini kipindi chake kisichukuliwe kwa ajili ya mazoezi ya mtihani.

Angeweza kuachana na mambo hayo. Kilichomzuia ni mtoto mmoja wa darasa la nne.

Mtoto huyo ana kigugumizi. Asubuhi mwalimu wa darasa akiita mahudhurio, neno dogo tu, "nipo", linamkwama kooni mpaka darasa linaanza kucheka. Akaacha kuitikia. Kwenye daftari akawa anaandikwa hayupo siku ambazo yupo, mpaka mama yake alipoitwa shuleni kueleza utoro wa mwanawe. Lakini kwenye kwaya mtoto huyo huyo anaimba ubeti mzima bila kukwama hata silabi moja. Wenzake hawakuamini. Mwalimu naye, kusema kweli, mara ya kwanza alidhani mtoto alikuwa anajifanya.

Hajifanyi. Wataalamu wa matamshi wanalijua jambo hili kwa miaka mingi: mwenye kigugumizi mara nyingi huimba vizuri kabisa, na hata akisoma kwa sauti pamoja na wenzake, kukwama kunapungua sana. Karibu watoto watano katika kila 100 hupitia kipindi cha kigugumizi, wengi wao kikaondoka chenyewe wakiwa bado wadogo, na wanaobaki nacho wengi ni wavulana. Si uvivu, si woga na wala si dawa ya kofi, ingawa zipo nyumba bado zinaijaribu hiyo dawa. Kuimba nako si tiba, kwa sababu wimbo ukiisha kukwama kunarudi. Ila mtoto aliyezoea kuchekwa anapata mahali pamoja ambapo anasikika, na kwa mwalimu mwenye ujuzi hapo ni pa kuanzia.

Mwaka 2019 Ofisi ya Kanda ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Yalionyesha kwamba kuimba, kucheza, kuchora na kuigiza vina mchango katika kukinga maradhi na kuwasaidia wanaougua, tangu utotoni hadi uzeeni. Mwalimu wetu hakuwa ameyasoma. Alichokuwa nacho ni swali: nikishamwona anaimba, nifanye nini kinachofuata? Butimba walimfundisha kwaya. Hilo hawakumfundisha.

Ndipo rafiki yake wa chuo akamtumia tangazo la kozi fupi Bagamoyo, wiki mbili za likizo ya Juni, ngoma na maigizo kwa ajili ya kufundishia watoto. Bagamoyo ina jina lake katika mambo haya. Chuo cha Sanaa kilianza pale mwaka 1981, kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, mwaka 2007, na wakongwe waliofundisha pale ni pamoja na marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka marimba ya kwao kwenye majukwaa ya Ulaya na Japani. Tangazo lilikuwa zuri. Chini kabisa lilisema kila mshiriki atajigharamia.

Ada, nauli ya kupitia Chalinze na Msata, chumba na chakula, alipiga hesabu ikafika Sh480,000.

Alianza shuleni, kama inavyotakiwa. Barua ya mtumishi wa umma haiendi kwa mkurugenzi wa halmashauri moja kwa moja. Inapitia kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akikaa nayo, imekaa. Wake hakukaa nayo. Aliisoma, akamwonyesha daftari la fedha. Ruzuku ya uendeshaji inayofika shuleni ni Sh6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sawa na Sh500 kwa mwezi. Shule yenye watoto 600 inaendesha kila kitu kwa Sh300,000 kwa mwezi: chaki, karatasi, mitihani ya ndani, bawaba za milango. "Madamu, nikikupa wewe, nitawaambia nini wenzako?" alimwuliza, na ilikuwa haki yake kuuliza. Ruhusa alimpa. Fedha hakuwa nazo.

Zilizobaki ni za kikoba. Na za kikoba zilikuwa na kazi: bati la nyumba wanayojenga Kihonda, ambayo kuta zake zimeshanyeshewa masika mawili.

Mume hakupandisha sauti. Aliuliza maswali matatu tu, maswali ambayo kwenye nyumba nyingi za walimu yanaulizwa hivyo hivyo.

"Ukirudi, mshahara unaongezeka?"

"Hapana."

"Hicho cheti kinakupandisha daraja?"

"Hapana."

"Sasa, mama watoto, unakwenda kutafuta nini?"

Alimweleza habari za mtoto anayeandikwa hayupo. Mume alisikiliza mpaka mwisho, akasema kazi ya mwajiri inalipiwa na mwajiri, na yeye hajawahi kumnunulia mteja mbao. Akaenda kulala. Hoja yake ina nguvu, na anayemwita mume huyo mbinafsi hajajenga. Walimu wa nchi hii wamezoea kununua chati, kalamu za rangi na hata sabuni ya kunawa mikono ya watoto kwa mishahara yao. Kila wanapofanya hivyo, pengo linazibwa kimya kimya na hakuna anayelazimika kuliandikia bajeti.

Lakini kuna upande mwingine, na aliyeusema ni mama mkwe, siku alipopigiwa simu Kilosa kuombwa aje kukaa na wajukuu. Alimkumbusha mwanawe kwamba ufundi seremala hakuupata bure. Alikaa kwa fundi wake miaka mitatu, na nyumbani waliuza mbuzi wawili ili ale na anunue randa yake ya kwanza. "Wewe randa yako nani alikulipia?" Mazungumzo hayo mwanamke hakuyasikia. Aliambiwa tu, siku ya pili, kwamba wiki moja inawezekana, wiki mbili haiwezekani, na bati litasubiri mpaka Septemba.

Aliomba waandaaji wamkubalie wiki moja kwa nusu ada. Walimkubalia. Wapo watakaomkatalia mwingine, ila kuuliza hakuna ada.

Aliporudi hakuwa daktari wa kigugumizi, na kozi yenyewe haikuwa ya kigugumizi. Alichorudi nacho ni vitu vidogo vya kufanya: kupokezana kwa mdundo, mmoja anaita na wote wanaitikia, kupiga makofi huku mnasema sentensi, kusubiri bila kumkatiza mtoto. Alimwomba mwalimu wa darasa la nne ajaribu kuita mahudhurio kwa kupiga meza, watoto wakiitikia kwa mpigo. Kuna siku "nipo" inatoka, na siku nyingine inakwama. Siku inapokwama mtoto anainua mkono, na anaandikwa yupo.

Safari hiyo ilimfundisha na mambo ya makaratasi ambayo hayamo kwenye mtaala wowote. Sasa kila onyesho la watoto analipiga picha, kwa ruhusa ya wazazi, na anaandika tarehe na idadi ya walioshiriki, kwa sababu fomu inayofuata itaziuliza. Ameomba jina lake liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri kabla bajeti haijafungwa, maana ombi la Mei kwa mafunzo ya Juni humkuta mhasibu akiwa amemaliza hesabu zake. Amewatafuta walimu wengine wawili wa sanaa, mmoja Mvomero na mwingine Kilosa, na watatu hao wana kundi lao la simu. Ni jumuiya ndogo ya kujifunza, ila ni jumuiya. Na tangazo linalotaka "ada ya usajili" ndipo utumiwe fomu ya ufadhili analifuta hapo hapo. Rafiki yake alituma Sh50,000 ya namna hiyo, na mpaka leo namba ile haipatikani.

Mwezi uliopita watatu hao waliona tangazo la ruzuku ndogo kwa vikundi, na safari hii walimu walitajwa kwa jina. Wanaomba vifaa: ngoma nne na marimba za kisanduku 20 kwa shule tatu. Fomu ina safu inayowatoa jasho waombaji wengi, mchango wa mwombaji, na mwalimu aliitazama usiku mzima akifikiri fedha ambazo hawana. Mume ndiye aliyeisoma tena, polepole, kama anavyosoma vipimo vya mteja. Hawajasema fedha, alisema. Wamesema mchango. Visanduku vya marimba ni mbao na misumari, na vipande vya mninga vimejaa nyuma ya karakana yake.

Wakakaa mezani na karatasi. Mbao, gundi, msasa, siku za kazi. Walipofika kwenye ufundi mke akamsogezea kalamu aandike bei yake mwenyewe. Aliandika, akaifuta, akaandika ndogo zaidi. Mke aliitazama, akaichukua kalamu, akarudisha ile ya kwanza.