Safari ya Kamukunji Kutafuta Baiskeli ya Kuegemea

Kwa miaka mingi nimekwenda kazini kwa baiskeli kando ya mifereji ya mpunga ya Mwea, wala sikudhani kuwa siku moja mgongo utanikatalia. Mwaka jana daktari alinionya nisiketi tena juu ya kiti kile chembamba huku nimeinama. Kwa karani ambaye ofisi yake iko mbali kilomita tisa, onyo hilo lilikuwa zito.

Ndipo nilipokumbuka habari za baiskeli ambayo mpandaji huegemea kama aliyeketi kitini, naye hukanyaga pedali zilizo mbele yake. Si mchezo wa watoto huo. Mwaka 1933, mjini Paris, Mfaransa Francis Faure alipanda baiskeli ya namna hiyo iliyoundwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja, akaipita rekodi iliyokuwapo tangu 1914. Mwaka uliofuata wakuu wa mashindano waliikataza isishindane na baiskeli za kawaida.

Basi nikafunga safari kwenda Nairobi, nikafika Kamukunji. Mgeni hupasikia mahali hapo kabla ya kupaona, kwa wingi wa nyundo zinazogonga mabati. Hapo hufanyizwa masanduku ya wanafunzi, majiko, makarai na mikokoteni. Mafundi hao huitwa jua kali kwa sababu walikuwa wakifanya kazi juani. Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985 aliahidi wajengewe vibanda.

Fundi mmoja aliitazama picha niliyoichora, akacheka. “Mzee, hiki ni kitanda, si baiskeli.” Hata hivyo alikwenda kwenye lundo la vyuma chakavu, akarudi na fremu ya Black Mamba iliyopinda na baiskeli ya mtoto yenye gurudumu la inchi 20. Gurudumu dogo lilikaa mbele, kubwa nyuma. Alikata mhimili wa pedali, akauchomelea kwenye bomba lililotokeza mbele ya gurudumu. Mnyororo mmoja haukutosha. Aliunga mitatu, akaupitisha juu ya beringi kuukuu ili usisugue fremu. Usukani aliurefusha. Kiti alikisuka kwa vipande vya tyubu ya lori, nami nasema kweli kwamba ofisini sina kiti kizuri kama hicho.

Jioni nilipoijaribu, bomba lilivunjika palipochomelewa, nikaanguka mbele ya watu. Bomba la baiskeli ni jembamba, na moto ulikuwa umelitoboa. Nilikwisha toa karibu fedha zote nilizokuja nazo, nikaona nitarudi nyumbani mikono mitupu. Fundi hakusema neno. Alitafuta kipande cha bomba la maji, akakiingiza ndani ya lile lililovunjika, akachomelea upya, wala hakudai senti.

Nilirudi Mwea baiskeli ikiwa juu ya gari. Nilianguka mara mbili zaidi kabla ya kuizoea, maana mizani yake ni nyingine kabisa. Kwa kuwa iko chini, madereva hawaioni upesi. Kwa hiyo nimefunga kitambaa chekundu kwenye fito ndefu. Mgongo hauniumi tena. Barabara zetu ni tambarare, ila kuna mwinuko mmoja karibu na ofisi, na kwenye kiti hiki mtu hawezi kusimama juu ya pedali. Hapo hushuka, nikaisukuma.