Mawe Yetu, Tuzo Yake

Ndugu msomaji, nakiri kosa langu. Niliposikia kwamba mwaka 2014 Bwana Michael Nichols, Mmarekani, alipewa London tuzo kuu ya picha za maumbile, kwa picha ya simba waliolala juu ya mwamba wa Serengeti, nyuma yao tambarare na mawingu, niliona wivu. Nikasema, “Mawe ni yetu, sifa ni zake!”

Baadaye nikasoma kwamba aliwafuata simba wale karibu miezi sita, hata wakamzoea. Nikaona haya. Mimi, karani wa parokia, hupita kila asubuhi kando ya mawe ya Mwitongo, hapa Butiama, wala sijapata kuyatazama. Jana nilisimama, hata nikachelewa kazini. Nawe, kilima cha kwenu umekitazama lini?