"Ovataimu": Neno Tulilolikata kwa Wino Mwekundu

Sisi walimu wa Kiswahili tuna mazoea ya kujiona walinzi wa lango. Neno geni likibisha hodi, tu wa kwanza kuliuliza limetoka wapi na limefuata nini. Mazoea hayo si mabaya, lakini ziko nyakati ambapo mlinzi humfukuza mgeni aliyemletea mwenye nyumba haki yake. Jambo hilo lilitufika sisi wenyewe, na twaona yafaa kuwasimulia wenzetu.

Tulikuwa tukifundisha darasa la jioni mjini Kampala. Wanafunzi wetu walikuwa watu wazima: makarani, mafundi cherehani, madereva na watu wa madukani. Siku moja tuliwapa insha yenye kichwa "Siku Yangu ya Kazi". Mwanafunzi mmoja, mpanga mizigo katika duka la vitambaa, aliandika kwamba mara mbili kila juma, katika siku zisizo za darasa, milango ya duka ikiisha kufungwa saa kumi na mbili jioni, yeye na wenzake hubaki ndani wakihesabu majora hadi saa tatu usiku. Akamalizia: "Kazi hiyo ni ovataimu."

Tulilikata neno hilo kwa wino mwekundu, na juu yake tukaandika "kazi ya baada ya kufunga". Tulimweleza kwamba Kiswahili hakina haja ya kuomba kilicho nacho. Alishukuru, akayanakili masahihisho yetu kwa mwandiko wake mzuri.

Katika duka lile, kila mwisho wa mwezi mfanyakazi huandika mwenyewe hesabu ya saa zake. Huandika kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha pekee waliyoshirikiana wote pamoja na tajiri wao. Wenzake waliandika "ovataimu" kama walivyozoea, wakalipwa. Yeye, mwanafunzi mtiifu, aliandika "kazi ya baada ya kufunga, saa 24". Tajiri alisoma, akacheka, akamwambia kuwa duka likisha kufungwa hakuna kazi. Aliyebaki ndani amemsaidia tu, naye anamshukuru. Shukrani hizo ndizo zilizokuwa malipo yake.

Sheria ilikuwa upande wake. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka saa 48 kwa juma kuwa kikomo cha kawaida, na saa zinazozidi kikomo hicho katika siku za kazi zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa saa. Lakini mtu achelealaye kupoteza kibarua chake hamshitaki tajiri kwa ajili ya saa 24. Alinyamaza. Habari hizi alitupa wiki nyingi baadaye, bila lawama, alipotuuliza kama lipo neno jingine "lenye nguvu zaidi".

Swali hilo lilitukosesha usingizi, tukaanza kuyapima maneno yetu upya. "Baada ya kufunga" husema wakati tu. Hakusemi nani anamdai nani. Tena "kufunga" ni neno la mambo mengi: mtu hufunga duka, hufunga shule, hufunga Ramadhani, hufunga bao. "Kazi ya ziada" ni nzuri kwa sauti, ila ziada ni kile kinachozidi mahitaji. Sisi wenyewe huwapa watoto mazoezi ya ziada na hakuna anayetarajia kulipwa. "Saa za nyongeza" zina pande mbili: nyongeza ya mshahara ni fedha, lakini nyongeza ya sokoni ni kile muuzaji anachotia juu ya kipimo kwa hisani yake. Tajiri mwerevu atachagua maana ya sokoni.

Sasa litazame neno tulilolikata. Mfanyakazi husema "nimefanya ovataimu", na neno humaanisha saa. Kisha husema "nimelipwa ovataimu", na neno lile lile humaanisha fedha. Saa na ujira wake vimefungwa katika fundo moja, hata huwezi kulitaja hili bila kulikumbusha lile. Maneno yetu matatu hayana fundo hilo.

Wala si ajabu. Maneno mengi ya kazi yalitufikia pamoja na namna ya kuhesabu. "Mshahara" ulitoka katika Kiarabu, na ndani yake umo mwezi, kwa kuwa ni malipo ya mwezi. "Kibarua" ni barua ndogo: karatasi aliyopewa mtu wa kutwa kuwa ushahidi wa kazi yake, hata jina la karatasi likawa jina la kazi na la mtu mwenyewe. Leo hakuna mwalimu anayeyakata maneno hayo.

Hatusemi kwamba kila neno la Kiingereza lifunguliwe mlango. "Saa za ziada" ni msemo sanifu, nasi twaendelea kuufundisha. Ila sasa twafundisha kuongeza neno moja: "saa za ziada za malipo". Na kabla ya kulikata neno la mwanafunzi, twamwuliza kwanza: neno hili linakufanyia kazi gani huko ulikolitoa?

Mwanafunzi wetu aliendelea na darasa hadi mwisho. Katika insha yake ya mwisho aliandika tena "ovataimu", na pembeni akaweka alama ndogo ya kuuliza kwa penseli. Tuliifuta ile alama, neno tukaliacha.

Tungefurahi kusikia kutoka kwa walimu wenzetu wa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi: huko kwenu, mtu akibaki kazini baada ya milango kufungwa, kazi yake huitwaje? Na je, jina hilo humlipa?